Seli za kinga zinavyopenya kwenye valvu ya moyo

Mtoto wa miaka kumi anaumwa koo. Kumeza mate ni shida, homa imepanda, tezi za shingoni zimevimba. Nyumbani wanasema ni mafindofindo, wanampa maji ya chumvi asukutue, labda na asali yenye limau, na baada ya siku nne au tano yuko uwanjani anacheza mpira. Wiki mbili au tatu zinapita. Asubuhi moja anaamka goti limevimba, lina joto, halitaki hata kuguswa na shuka. Keshokutwa goti limetulia, lakini sasa kinachouma ni kifundo cha mguu wa pili, kisha kiwiko. Wakubwa wanamchua kwa dawa ya misuli na kumwambia apunguze kukimbia. Hakuna anayefikiria koo, maana koo lilishapona. Wala hakuna anayefikiria moyo, maana moyo haumuumi.

Ndani ya kifua hicho, seli nyeupe za damu zinajibandika kwenye valvu ya moyo na kuanza kupenya.

Hiyo ni homa ya rumatiki, na kovu linalobaki kwenye valvu ndilo linaloitwa ugonjwa wa moyo wa rumatiki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 55 wanaishi na ugonjwa huu na kwamba unaua takribani watu 360,000 kila mwaka, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwetu Afrika Mashariki ni moja ya sababu kubwa zinazomfikisha kijana kwenye chumba cha upasuaji wa moyo, katika umri ambao wenzake wanahangaikia mitihani na ajira.

Tumezoea kuelezwa kwamba kinga ya mwili imeuchanganya moyo na bakteria. Ni kweli, ila ni nusu ya habari. Seli ya kinga iliyochanganyikiwa lakini bado inaelea kwenye damu haidhuru valvu. Ili idhuru ni lazima kwanza isimame katikati ya mkondo, ijishike ukutani, ipenye, kisha ikae. Safari hiyo haifiki hata milimita moja. Ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa sababu inajibu maswali mawili ambayo wagonjwa na ndugu zao hawachoki kuyauliza: kwa nini msuli wa moyo hutulia na valvu haitulii, na kwa nini daktari anang'ang'ania sindano miaka nenda rudi wakati mgonjwa anajisikia mzima.

Tuanze na chura. Mwaka 1867 jijini Berlin, Julius Cohnheim alimlaza chura mezani, akautoa nje utando unaoshikilia utumbo, akautandaza chini ya hadubini. Utando huo ni mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga, na kuachwa wazi hewani tu kunatosha kuuletea mchochota, yaani ile hali ya tishu kuwaka, kuvimba na kuuma. Akaketi kutazama mishipa. Mwanzoni ilitanuka na damu ikapita kasi, kisha mwendo ukapungua. Ndani ya vena ndogo, seli nyeupe zilizokuwa zikienda pamoja na nyekundu zikaanza kujitenga. Zikasogea pembeni, zikajipanga kwenye ukuta hadi upande wote wa ndani ukawa umetandikwa seli nyeupe, huku zile nyekundu zikiendelea na safari katikati. Baadaye, upande wa nje wa ukuta uleule, vikatokeza vinundu vidogo visivyo na rangi. Kila kinundu kikakua taratibu, kikabaki kimeshikwa na kikonyo chembamba, kisha kikonyo nacho kikaachia. Seli nzima ilikuwa nje ya mshipa, na mshipa haukuwa umepasuka.

Rudolf Virchow, mwalimu wa Cohnheim, alifundisha kuwa seli za usaha huzaliwa palepale penye jeraha. Mwanafunzi wake alionyesha kuwa ni seli za damu zilizohama. Ilibaki kujua zinahamaje, na jibu la swali hilo lilichukua zaidi ya karne moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti kama Timothy Springer wa Harvard na Eugene Butcher wa Stanford waliziunganisha hatua za safari hiyo na molekuli zinazohusika. Mshiko wa kwanza ni wa protini ziitwazo selektini. Hizi huchomoza kwenye endotheli, ile tabaka moja ya seli bapa inayofunika mishipa yote ya damu kwa ndani. Selektini hushika na kuachia, hushika na kuachia, mfano wa kishonanguo kwenye nguo: mbegu moja unaipukuta kwa kidole, lakini zikiwa nyingi zinakuchelewesha. Seli nyeupe inaacha kusombwa na damu, inaanza kubingirika juu ya ukuta polepole.

Kubingirika huko kunaipa muda wa kukutana na kemokini. Hizi ni protini ndogo zinazotolewa na tishu iliyosumbuliwa na kubandikwa juu ya endotheli, na kazi yake ni moja: kuamsha integrini. Integrini ziko kwenye uso wa seli nyeupe wakati wote, ila zimejikunja na hazishiki kitu. Kemokini ikitoa taarifa, zinanyooka papo hapo na kukamata wenzi wao ukutani, hasa ICAM-1 na VCAM-1. Huo si mshiko wa kuachia. Seli inasimama, inalala bapa, kisha inatambaa ikipapasa mpaka ipate maungio kati ya seli mbili za endotheli. Hapo inajipenyeza. Sehemu ngumu ya kupitisha ni kiini chake, ambacho hulazimika kubanwa na kurefushwa, ilhali maji mengine ya seli yanafuata bila taabu. Kuvuka endotheli huchukua dakika chache. Kilichoko chini yake, utando wa msingi uliosukwa kwa kolajeni na laminini, huichelewesha zaidi.

Vitabu vya shule huzichora seli hizi kama askari wanaojiamulia pa kuvamia. Mchoro huo umetupotosha sana. Ukuta wa mshipa uliotulia hauna cha kushikia: P-selektini imefichwa ndani ya vifuko na hupanda juu kwa dakika chache endotheli inapostushwa, ilhali E-selektini na VCAM-1 lazima zitengenezwe upya, kazi ya saa kadhaa. Kwa maneno mengine, anayeamua seli nyeupe iingie wapi ni tishu yenyewe, kupitia ukuta wake. Seli inayopita inaitikia tu.

Wapo watoto wachache sana wanaotuthibitishia hilo kwa njia ya kusikitisha. Wanazaliwa bila CD18, kipande ambacho integrini nyingi za seli nyeupe haziwezi kufanya kazi bila hicho. Kitovu chao kinachelewa kudondoka, wiki tatu na zaidi. Ngozi ikichubuka inakuwa nyekundu, jeraha linachimbika, lakini halitoi usaha. Ukipima damu yao unakuta seli nyeupe zimejaa mara kadhaa ya kawaida. Zipo, zinazunguka, na haziwezi kutoka nje ya mshipa, wakati bakteria wanakula nyama hatua chache kutoka hapo.

Msuli wa moyo haujawahi kuwa eneo lisilofikiwa na kinga. Una makrofaji wake wenyewe, yaani seli za kinga zinazomeza takataka na vimelea, baadhi wametokana na seli zilizofika wakati mtoto bado tumboni, na una mtandao mnene wa kapilari na vena ndogo. Mtu akipata mshtuko wa moyo, yaani ateri ya moyo ikaziba na sehemu ya msuli ikafa, seli nyeupe ziitwazo nyutrofili zinaingia ndani ya saa chache, nyingine ziitwazo monosaiti zinafuata kwa siku kadhaa, nyingine zikitoka kwenye hifadhi iliyoko kwenye bandama. Zinazoa msuli uliokufa na kuandaa kovu. Njia zinazopitia ni zilezile alizoziona Cohnheim kwa chura.

Valvu ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo naomba msomaji asogee karibu.

Valvu ya mitrali inakaa kati ya chumba cha juu na cha chini cha upande wa kushoto wa moyo. Ina vipande viwili vyembamba, unene wake kama milimita moja, vikishikiliwa na nyuzi zinazoshuka hadi kwenye msuli. Chumba cha chini kinapojikaza, vipande hivyo vinagongana na kuziba njia chini ya shinikizo la takribani milimita 120 za zebaki, na vinafanya hivyo mara 100,000 hivi kwa siku. Ukikata kipande cha valvu nzima na kukitazama kwa hadubini, unaona endotheli pande zote mbili, katikati kuna kolajeni iliyojipanga, nyuzi za kunyumbulika, na seli chache chache zinazoitunza. Ukiacha sehemu ya karibu na shina, mishipa ya damu huioni. Kipande hicho kinalishwa na damu inayokipitia juu na chini.

Sasa, kama hakuna vena ndogo, seli nyeupe zinaingilia wapi?

Jibu lilionekana kwenye valvu zilizotolewa kwa wagonjwa wakati wa upasuaji. Mwaka 2001 kundi la Madeleine Cunningham wa Chuo Kikuu cha Oklahoma lilieleza lilichokiona: seli nyeupe ziitwazo limfosaiti T, za aina ya CD4 na za CD8, zimejishika juu ya endotheli ya valvu, na endotheli hiyo imechomoza VCAM-1. Nyingine zilikuwa tayari zimevuka na kukusanyika chini yake. Mwenzi wa VCAM-1 kwenye limfosaiti ni integrini iitwayo VLA-4, na jozi hiyo ina uwezo wa kupunguza mwendo wa seli na pia kuisimamisha. Kwa hiyo seli hizo zinaingilia usoni pa valvu, moja kwa moja kutoka kwenye damu inayosukumwa na moyo. Binafsi naona hili ni la ajabu kuliko habari nzima ya kinga kuchanganya adui na rafiki. Sehemu yenye msukosuko mkubwa kuliko zote mwilini ndiyo iliyogeuzwa kituo cha kushukia.

Ni nini kinachoiamsha endotheli ya valvu? Ushahidi mwingi unaelekeza kwenye kingamwili. Bakteria anayehusika ni streptokokasi wa kundi A. Ukuta wake una sukari iitwayo N-asetiliglukosamini, na mwili ukiambukizwa hutengeneza kingamwili dhidi ya sukari hiyo. Baadhi ya kingamwili hizo hunata pia kwenye uso wa endotheli ya valvu na kwenye laminini iliyo chini yake. Endotheli ikinatwa hivyo inajihesabu kuwa imedhurika, inapandisha VCAM-1, na njia inakuwa tayari kwa limfosaiti zitakazopita. Limfosaiti zenyewe zimefunzwa kooni na kwenye tezi za shingo kuitambua protini M, nyuzi ndefu zilizosimama juu ya bakteria, kila mmoja ukiwa nyuzi mbili zilizosukwa pamoja. Umbo hilo linashabihiana na miosini ya msuli wa moyo na protini nyingine za aina hiyo. Hapa kuna mgawanyo wa kazi unaosahaulika mara nyingi: kingamwili inaiamsha endotheli, limfosaiti ndiyo inayoingia na kuharibu. Moja bila nyingine haifiki mbali.

Wapo watafiti wasiokubaliana na picha hii. Wao wanasema baadhi ya protini M hujishika kwenye kolajeni ya aina ya nne iliyoko kwenye utando wa msingi, na mwili unaanza kuishambulia kolajeni yenyewe, bila kuhitaji mfanano wowote kati ya bakteria na moyo. Mjadala haujafungwa. Hata hivyo kambi zote mbili zinakutana mahali pamoja, kwenye uso wa valvu na tabaka iliyo chini yake.

Tuendelee na limfosaiti iliyokwisha kuingia. Inakutana na laminini na protini nyingine zinazofanana na ilichofunzwa kukitambua, inatoa saitokini, yaani protini za kupashana habari kati ya seli, hasa interferoni gama na TNF, na saitokini hizo zinafanya mambo mawili kwa mpigo: zinawaita makrofaji, na zinaichochea endotheli iliyo juu izidishe VCAM-1. Walioingia wanawaongezea njia wanaofuata. Kwenye ukingo ambapo vipande vya valvu hugongana, endotheli inachubuka na vinyama vidogo vya fibrini, milimita moja au mbili, vinajipanga mstarini. Ndani ya msuli na chini ya endotheli, seli za kinga hujikusanya kwenye vinundu ambavyo Ludwig Aschoff, mtaalamu wa patholojia wa Ujerumani, alivieleza mwaka 1904 na ambavyo hadi leo vina jina lake. Ukiviona kwenye kioo cha hadubini huhitaji kuuliza mgonjwa aliumwa nini.

Msuli wa moyo, kwa kawaida, hupona mchochota huu. Valvu haiponi. Luiza Guilherme, Jorge Kalil na wenzao wa São Paulo, Brazil, walichunguza tishu za wagonjwa na mwaka 2004 wakachapisha tofauti moja inayosaidia kueleza. Kwenye msuli walikuta seli nyingi zinazotoa interleukini-4, saitokini ambayo hupoza mwitikio wa aina hii. Kwenye valvu seli hizo zilikuwa haba sana. Moto uleule uliwashwa sehemu mbili, na sehemu moja haikuwa na kizimio.

Kuna sababu ya pili, ya kimaumbile, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Tishu yenye mchochota huhitaji oksijeni na chakula kuliko ilivyozoea, na huomba mishipa mipya. Valvu iliyokuwa haina mishipa inaanza kuota. Kapilari na vena ndogo zinachipua kutoka shinani na kusambaa ndani ya kipande kilichokuwa kitupu. Mchochota ukitulia, mishipa hiyo haiondoki. Mtoto akiambukizwa streptokokasi tena mwaka unaofuata, seli za kinga hazihitaji tena kupambana na mkondo mkali kwenye uso wa valvu pekee. Zina mishipa ya polepole ndani kabisa ya valvu, yenye selektini na kemokini kama mahali pengine popote mwilini. Shambulio la pili linaikuta valvu iliyokwisha kubadilika.

Ndiyo maana ugonjwa huu hujengwa na marudio. Kila mara kovu linaongezeka, vipande vinakuwa vinene na vigumu, kona zake zinagandana, nyuzi zinafupika. Uwazi wa valvu ya mitrali ya mtu mzima ni kati ya sentimita mraba 4 na 6. Ukishuka hadi 1.5 au chini, damu inarundikana kwenye mapafu na mtu anahema kwa kupanda ngazi. Wanawake wengi hugundulika wakati wa ujauzito, kwa sababu ujazo wa damu huongezeka kwa karibu nusu na valvu iliyobanwa haiwezi kuupitisha. Mama aliyekuwa akichota maji na kulima bila shida anafika kliniki mwezi wa sita hawezi kulala chali, na mara nyingi hakumbuki kuwahi kuumwa moyo. Wala hakukosea. Alichoumwa ni koo, akiwa darasa la tatu.

Kama tunajua molekuli zinazoziingiza seli moyoni, kwa nini tusizizibe? Swali ni zuri na limejaribiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dawa za kuzuia CD18 zilipewa wagonjwa wa mshtuko wa moyo kwa matumaini kwamba nyutrofili zikizuiwa, msuli mwingi utaokoka. Haukuokoka. Natalizumabu, dawa inayoziba VLA-4, inafanya kazi nzuri kwenye ugonjwa fulani wa mishipa ya fahamu uitwao multipo sklerosisi, lakini mwaka 2005 iliondolewa sokoni kwa muda baada ya baadhi ya watumiaji kupata maambukizi ya hatari ya ubongo kutoka kwa virusi ambavyo limfosaiti huwa zinavidhibiti kimyakimya. Ilirudishwa mwaka uliofuata kwa masharti makali. Ukiizuia seli isiingie pale unapotaka, umeizuia pia isiingie kule ambako inahitajika. Na dawa za kupoza mchochota, aspirini na steroidi, zinamaliza maumivu ya viungo haraka na kumpa mtoto nafuu, lakini hazijaonyesha kupunguza makovu ya valvu yanayokuja baadaye. Zinapofika, seli zimeshaingia.

Kinachobaki ni kuhakikisha endotheli ya valvu haipati tena sababu ya kuamka, yaani streptokokasi asikae kooni muda wa kutosha kuchochea kingamwili mpya. Dawa ya kazi hiyo ni ya zamani na ya bei ndogo: penisilini. Ikianzishwa ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma, inazuia homa ya rumatiki kwa sehemu kubwa; uwezo wa penisilini kuzuia homa hiyo ulithibitishwa kwa wanajeshi wa Marekani katika kambi ya Fort Warren, Wyoming, na kuchapishwa mwaka 1950. Siku tisa ni muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Hata mtoto aliyeletwa baada ya wiki moja bado hajachelewa.

Si kila koo linalouma linataka penisilini. Makoo mengi ni ya virusi, na mafua pamoja na kikohozi ni dalili ya upande huo. Streptokokasi huja kwa homa, tezi za shingo zenye maumivu, na mara nyingi utando mweupe wa usaha juu ya mafindofindo, bila kikohozi. Kinachonikera ni kukata kimeo. Bado kuna familia zinazompeleka mtoto mwenye koo kwa fundi akakatwe kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Bakteria hawakai huko. Wako kwenye mafindofindo, na mtoto anarudi nyumbani nao wote, pamoja na kidonda kipya na hatari ya kutokwa damu nyingi.

Kwa aliyekwisha kupata homa ya rumatiki, penisilini inageuka kuwa ya kinga. Sindano ya benzathini penisilini, yuniti milioni 1.2 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto mdogo, hupigwa kila wiki nne, pengine tatu. Muda wa chini unaopendekezwa kwa aliyeguswa moyo ni miaka 10 tangu shambulio la mwisho au hadi umri wa miaka 21, wowote utakaokuwa mrefu, na aliyeharibika valvu sana anaweza kuendelea hadi umri wa miaka 40. Si sindano ya kupendeza. Ni unga mweupe unaochanganywa na maji ukawa mzito, muuguzi akisita katikati unaziba sindano na kazi inaanza upya. Dawa inabaki ndani ya msuli wa tako ikiyeyuka kidogo kidogo, na kitako hicho kinauma siku mbili. Kuichanganya na dawa kidogo ya ganzi, lignokaini, kunapunguza maumivu, na sioni kwa nini si utaratibu wa kila zahanati.

Utafiti uliofanyika kaskazini mwa Uganda, ambao Taasisi ya Moyo ya Uganda ilishiriki kuuongoza, ulitupa tarakimu za kuaminika. Watoto na vijana 818 wa miaka 5 hadi 17, ambao kipimo cha eko, yaani ultrasaundi ya moyo, kilionyesha mabadiliko ya mapema kwenye valvu ingawa hawakuwa wakiumwa, waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walichomwa sindano kila mwezi, nusu hawakuchomwa. Baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa na kwa asilimia 0.8 tu ya waliochomwa. Kwa hesabu ya vichwa, 33 dhidi ya 3. Hakuna dawa ya kuziba integrini iliyowahi kukaribia matokeo hayo kwenye moyo.

Tatizo ni wiki ya nne. Kiwango cha penisilini kwenye damu huwa kimeshuka kabla ya sindano inayofuata, na anayechelewa siku kumi kwa sababu barabara imekatika au zahanati imeishiwa dawa anakaa siku hizo bila kinga. Watafiti wa Australia na New Zealand wanajaribu kuingiza dozi kubwa ya penisilini hiyohiyo chini ya ngozi ili idumu miezi badala ya wiki. Ikifanikiwa na bei ikibaki ya kawaida, itawafaa sana wanafunzi wa bweni.

Jambo la mwisho linawahusu walio na valvu zilizoharibika sana. Baadhi yao wamewahi kuzimia na hata kufa muda mfupi baada ya sindano, na kwa miaka mingi lawama ilikwenda kwa mzio wa penisilini. Mwaka 2022 Shirika la Moyo la Marekani lilitoa ushauri kwamba vifo vingi vya namna hiyo vinaelekea kutokana na moyo dhaifu kushindwa kustahimili maumivu na mshtuko wa sindano, presha ikashuka ghafla. Mgonjwa wa kundi hilo, mwenye valvu iliyobanwa sana au moyo ulioshindwa kusukuma damu, ni afadhali apewe vidonge vya penisilini V, miligramu 250 mara mbili kwa siku. Wengine wote wachomwe wakiwa wamelala, wamekunywa maji ya kutosha, na wasiinuke mara moja. Mpeleke ndugu yako kliniki na cheti chake cha eko, ili muuguzi ajue yuko kundi gani kabla ya kuvuta dawa.